Barua kwa mwanangu: Baba yuko macho

Mwanangu, mama yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa Katonga, Kigoma. Mama yako hajambo, wadogo zako mapacha, Bukuru na Ntoyi, hawajambo, ila Ntoyi anaota meno na usiku halali. Mimi nimo. Barua hii inakuja kwa mkono wa mama mmoja wa hapa mwaloni anayepanda treni kuleta dagaa wake Tabora, na ndani ya kiroba chake kuna kifurushi chenu. Kifurushi nitakieleza chini.

Shangazi atakusomea. Lakini kabla hajaanza, mstari huu wa herufi kubwa ni wako peke yako. Weka kidole, soma silabi kwa silabi, na usome kwa sauti mpaka shangazi asikie:

BABA YUKO MACHO. SEMA.

Haya. Sasa mpe shangazi aendelee.

Shangazi alinipigia juzi jioni, akanieleza yote. Kwamba mwalimu alikuita mara tatu darasani hukugeuka, akadhani ni kiburi, akaja mpaka kwenye dawati lako, na alipokuinamia akaona kola ya shati ina usaha uliokauka. Kwamba kule zahanati nesi alipokuuliza limeanza lini, hukufungua mdomo, ulinyoosha vidole vinne.

Siku nne, mama. Unalala na dada zako kitanda kimoja, mnakula sinia moja, unafua soksi zako bombani na watu wanapita, na siku nne nzima hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sikio lako linawaka moto. Kwa nini hukusema? Shangazi ana ukali gani? Yule hajawahi kuchapa hata mbuzi aliyekula mchicha wake. Ungemvuta kanga tu angegeuka. Nimekasirika, sikufichi, na hasira yangu nimeshindwa kujua niipeleke wapi, maana wewe una jina la mama yangu na kukugombeza nakuona kama namgombeza yeye.

Na shangazi kwa wema wake akamalizia kwa kunisifu. Akasema, "Kaka, umelea. Mtoto ana adabu, hana makelele, unaweza kukaa naye siku nzima usijue kama yumo ndani." Nikamshukuru. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa pale kwenye jiwe la kufulia, mpaka mama yako akaja kuniuliza kuna msiba wa nani.

Maana hiyo adabu najua ilikotoka.

Kazi yangu unaijua, sina haja ya kukueleza habari ya kutoka jioni na kurudi asubuhi, wala kile chumba chetu na pazia la katikati. Upande wako wa pazia unaujua kuliko mimi. Wangu ulikuwa hivi: mtu aliyekesha ziwani akivuta wavu, akafika nyumbani saa nne, kichwa kinakuwa kizito kama kimejaa maji. Mlango ukigongwa anaona kama amegongwa yeye. Mama yako alilijua hilo, ndipo neno la nyumba yetu likawa "baba amelala". Ukicheka, baba amelala. Kijiko kikianguka, baba amelala. Hujatimiza miaka miwili ukawa unajiwekea kidole mdomoni mwenyewe kabla hujaambiwa. Tulicheka, tukasema mtoto ana akili. Na akili unayo, hilo halina ubishi. Kuna siku moja ulikohoa, kandambili ikagonga ukuta. Sikumlenga mtu. Alama yake ipo mpaka leo, mama yako kaifunika na kalenda.

Watoto wa wenzetu wanajua mwezi kwa siku za shule. Wewe uliujua kwa macho. Ukianza kujaa ulikuwa unatoka nje jioni, unautazama, unarudi kumuuliza mama yako kwa sauti ya chini kama leo baba haendi. Dagaa hufuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima linakuwa taa moja, nao wanatawanyika, hakuna cha kuvua. Basi siku zile nililala usiku kama watu wengine, na siku zile ndizo ulizoruhusiwa kuimba. Siku kama kumi katika mwezi. Nyingine zote ulikuwa kimya, nami nikaona ni jambo zuri.

Hili la jino hujui kwamba ninalijua. Lilipong'oka lile la kwanza, mama yako alikwambia ulirushe juu ya paa kama watoto wote, uombe jipya. Jioni moja nikawa natafuta njiti, nikaona kiberiti chini ya godoro lako. Nikakitikisa, kikalia. Kufungua, jino. Nikamuuliza mama yako, akasema unangojea mbalamwezi, kwa sababu likigonga bati litaniamsha. Jino lenyewe dogo kuliko punje ya mahindi. Nilikirudisha kiberiti palepale. Ilitakiwa nikuamshe saa ileile, tutoke nje, tulirushe mpaka bati lilie. Nilikuwa na usingizi.

Halafu Ziwa Tanganyika likafungwa. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, hakuna chombo kilichoruhusiwa kuvua, si hapa kwetu, si Kongo, si Burundi, si Zambia, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Hali ya nyumbani miezi ile unaijua, sirudii. Lakini miezi ile nilikuwa macho mchana. Siku moja nimekaa mlangoni nashona wavu wa tajiri, jua la saa sita limesimama, na wewe uko hatua mbili tu kutoka kwangu unacheza mdako. Nikashangaa sisikii mawe. Nikageuka. Ulikuwa umetandika kanga ya mama yako, umeikunja mara nne, na mawe hukuwa nayo, unarusha punje za mahindi. Zinapanda, unadaka, zinashuka juu ya kanga, na hazitoi sauti hata moja. Nikakuambia, "Mama, cheza na mawe, niko macho." Ukanitazama, ukanong'ona, "Ndiyo baba." Ukaendelea na mahindi.

Miezi mitatu niko macho humo ndani na sauti yako haikupanda. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Si kwa ajili ya hapa nyumbani, maana mama yako anakujua hata ukimpa mgongo. Niliogopa siku utakayokwenda kwa watu.

Na nikakupeleka kwa watu mwenyewe. Mapacha walikuwa wachanga, madeni ya miezi ile hayajaisha, shangazi akasema nileteeni mimi, shule iko karibu na nyumba. Sijutii. Ila ukiwa mkubwa usije ukasema tulikupunguza. Hukuwa mzigo. Wewe ndiye uliyekuwa mwepesi kuliko wote humo ndani, na labda kosa lilikuwa hapo, tukamwondoa yule ambaye hatadai kubaki.

Sisi zamani hatukuandikishwa shule kwa cheti cha kuzaliwa. Mwalimu anakusimamisha, unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukilishika sikio la kushoto, umekua. Mimi nilirudishwa nyumbani miaka miwili, vidole havifiki. Ndiyo sababu pale stesheni ya Kigoma, watu wanasukumana na honi imeshalia, nilikwambia ujaribu. Ukapitisha mkono, ukalishika sikio lote, ukalivuta, ukacheka bila sauti. Ndilo hilo hilo la kushoto linalouma sasa. Tangu juzi nikifumba macho naliona.

Sasa hilo sikio. Dada, hapa soma polepole. Nesi amesema dawa ni siku tano. Siku ya tatu litaacha kuuma na mtoto ataonekana mzima. Amalize zote tano. Maji yasiingie, akioga aoge shingo kwenda chini, kichwa apanguswe kwa kitambaa. Usaha ukitoka, sokota kitambaa safi cha pamba, kiingize taratibu kinyonye, tupa, sokota kingine, mpaka kitoke kikavu. Kijiti hapana, njiti ya kiberiti hapana. Likiendelea kutoa usaha likapita wiki mbili, arudi kwa daktari, asingoje kuambiwa litakauka lenyewe, maana sikio linalovuja muda mrefu linaondoka na usikivu. Na mwalimu aombwe kumkalisha mbele, sikio la kulia lielekee kwake.

Na wewe mama, mtu asikutie mafuta. Watakuja wenye huruma na kijiko cha uvuguvugu, cha nazi, cha mawese, wakisema hii ndiyo dawa tuliyokulia. Kataa, hata kama aliyeshika kijiko ni mimi. Ulikuwa na miaka mitatu, huwezi kukumbuka. Shangazi anasema nesi aliuliza kama sikio hilo limewahi kutiwa kitu, naye hakuwa na jibu. Dada, jibu ni ndiyo. Mwambieni.

Fedha isiwe sababu. Umri wa kutibiwa bure, ule wa chini ya miaka mitano, umeshaupita, najua. Nitatuma kwa simu. Shangazi naye asinionee haya, naona na yeye ana ugonjwa huohuo wa kunyamaza. Labda ni wa ukoo.

Lakini narudi palepale. Sema. Kichwa kikiuma, sema asubuhi, usingoje jioni. Ukibanwa na haja darasani, nyoosha mkono, na mwalimu asipokuona, simama. Penseli ikiisha, sema. Njaa ikikushika, sema. Kumwambia shangazi una njaa si aibu, yeye si jirani, titi ulilonyonya wewe la bibi yako... hapana, nimeandika vibaya, nilitaka kusema yeye na mimi tumenyonya titi moja, na wewe una jina la mwenye titi hilo. Nyumba ile ni yako.

Na kuna jambo jingine, dada usiliruke kwa haya, lisome kama nilivyoliandika. Mama, mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, awe mgeni au wa humo humo ndani, awe mtu wa dini au wa shule, akikugusa mahali ambapo hata mama yako anakugusa kwa ajili ya kukuogesha tu, kisha akakwambia usiseme, hapo ndipo upige kelele ambayo hujawahi kupiga. Usiangalie nani amelala. Amsha nyumba, amsha mtaa. Hakuna atakayekuchapa kwa hilo. Mtu mbaya hatafuti mtoto mzuri wala mtoto mchafu, anatafuta mtoto asiyesema, na mimi kwa mikono yangu... Basi. Umenisikia. Shangazi atakuuliza umenisikia, nawe utajibu kwa mdomo, si kwa kichwa.

Nina deni lako jingine. Uliniuliza siku moja, navaa koti niondoke, kama ziwa lina mwisho kwa chini. Ulininong'oneza, nikajifanya sikusikia, kwa sababu sikujua. Navua humo miaka 14 na sikujua. Nimemuuliza afisa uvuvi. Lina mwisho. Kina chake ni kama mita 1,470, na duniani kote linazidiwa kina na ziwa moja tu, linaitwa Baikal, liko Urusi. Akanieleza na lingine ambalo lilinikalisha chini: kule chini kabisa hakuna samaki. Maji ya huko hayana hewa. Dagaa, migebuka, kuhe, wote tunaowavua wanakaa huku juu juu, kama mawese yanavyoelea juu ya mchuzi, na maji yote yaliyobaki chini yao ni matupu. Nilipokuwa ziwani usiku uliofuata nilichungulia pembeni ya mtumbwi, nikakukumbuka.

Hakuna mtoto mwingine hapa mwaloni aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Hakuna hata mvuvi. Nililisimulia mbele ya wenzangu, nikasema limetoka kwa binti yangu wa darasa la kwanza, wakanyamaza. Kwa hiyo maswali ya namna hiyo muulize mwalimu, umesimama, darasa zima lisikie. Usiyabane.

Shangazi anasema unapanda mwembe wa uani. Panda, sikukatazi, Tabora bila mwembe si Tabora. Ila mvua ikinyesha usipande, tawi bichi linateleza. Na usile embe usiku ukalala bila kusukutua, yale meno mapya hayana wa kuyabadilisha.

Kifurushi: kuna dagaa wa kichanja, mama yako amewaanika mwenyewe, hawana mchanga hata kidogo, ila masika haya jua linakuja na kuondoka kwa hiyo dada uwatoe nje siku moja kabla hujawaweka. Kuna migebuka minne ya kubanika. Kuna chupa ya mawese, ya kuungia mboga. Ya mboga tu. Na chini kabisa, kwenye soksi, kuna mawe saba ya mdako, nimeyachagua mwenyewe ufukweni, mazito na ya mviringo. Shangazi ana sakafu ya saruji. Chezea hapo, bila kanga.

Hapa nyumbani bati la upande wa jikoni linavuja, nitalibadili dagaa wakichanganya. Tajiri amenunua taa mpya za sola, karabai zote amezitundika, na sasa tunakesha bila harufu ya mafuta ya taa. Yule bata wako ametaga mayai tisa. Mama yako anataka kuyauza, mimi nimesema bata ni wa mwenyewe na mwenyewe yuko Tabora, tungoje aseme. Kwa hiyo unadaiwa jibu. Yakikaa sana yataharibika, usichelewe.

Juzi mama yako alianza kuwaambia mapacha, "Shh, baba ame...", nikamkatiza. Tumekubaliana. Siku za giza sasa silali nyumbani mchana. Nalala kwenye banda la nyavu la tajiri, kule juu ya mwalo. Kuna joto na kuna harufu, na kunguru wanatembea juu ya bati, lakini nimeshazoea. Bukuru ana sauti, mama. Akilia anasikika mpaka barabarani, na majirani wameanza kulalamika. Waache.

Mwezi umeanza kupungua, keshokutwa narudi ziwani. Zamani nikilala nilikuwa naizima simu. Sasa siizimi. Nimeiweka mlio mkubwa na naiweka karibu na kichwa, na pale bandani mtandao unashika vizuri. Mwambie shangazi akupigie. Piga saa tano, piga saa sita, piga saa nane mchana, saa ambayo unajua nimelala. Nikipokea, usininong'oneze.

Baba yako